Misukule Ikiisha Nitakujibu

Njoo karibu, wewe unayesoma, nikutegee. Amekufa lakini anatembea. Hajui ugali wala maharage, ila njaa yake haina mfano. Watu wazima na akili zao humfuata mchana kweupe, hukaa mbele yake, humwogopa mpaka miguu inawafa ganzi, na wiki ijayo wanarudi tena. Nani huyo?

Umeshindwa. Basi nipe mji. Mpui? Huko ndiko nilikozaliwa, utanipaje kilicho changu? Msanzi? Msanzi nina shemeji mgomvi, mji huo baki nao. Nipe Sumbawanga yote na baridi yake ya mwezi wa sita, nikae nile mahindi ya kuchoma, nikishiba nikufungulie. Ni msukule wa kwenye televisheni ya Nyanda.

Nyanda alikuwa na kibanda cha muvi pale Izia, nyumba zinapokoma na mashamba yanapoanza. Ukuta wa mbao, paa la mabati, mabenchi sita, na kiti kimoja cha plastiki ambacho kilikuwa changu, mtu mwingine hakigusi. Yeye ni Msukuma. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka kwao kaskazini wakakaa bondeni, karibu na Ziwa Rukwa. Kijana akaona ng'ombe hawamtoshi, akapanda huku juu na televisheni moja, spika mbili na kipaza sauti kilichofungwa kwa solotepu.

Kazi yake ilikuwa kututafsiria. Muvi inaongea Kiingereza, yeye anaiminya sauti mpaka inabaki kama nyuki ndani ya kibuyu, kisha anaongea yeye. Sauti ya mwanamume, ya mwanamke, ya mtoto mwenye homa, hata ya mlango mbovu. Ukifumba macho unaona watu kumi. Ukifumbua unamwona kijana mmoja mrefu, mwembamba, ameketi kwenye kreti la soda, jasho linamtoka na baridi yote ile.

Tamthilia yenyewe iliitwa Mji wa Wasiozikwa. Mimi shule yangu ni darasa la saba, lakini kizuri nakijua nikikiona, na zile sizoni za mwanzo zilikuwa nzuri jamani. Misukule walikuwa wachache. Ukimwona mmoja anachungulia dirishani, hiyo wiki nzima huendi chooni bila kusindikizwa. Watu walikuwa wakigawana kopo moja la maharage huku wakiombana radhi kwa makosa ya zamani. Na walikuwepo wawili, Fundi na Nesi. Fundi maneno yake yalikuwa machache, na kila akitoka kwenda kutafuta chakula alimwambia mkewe, "Ningoje getini." Nesi anangoja. Kibanda kizima tunangoja naye.

Aliyekuwa akinisindikiza ni mjukuu wangu Bertila, binti wa mwanangu Christopha. Anafundisha shule ya msingi, Kiingereza anakijua, na Mungu alimpa macho makubwa yasiyojua kuficha kitu. Niligundua mapema kwamba hakufuata misukule peke yao. Nyanda akisema kwa sauti ya Fundi, "Ningoje getini," wote tunatazama kioo. Bertila shingo yake inageuka kidogo tu, kuelekea kwenye lile kreti la soda. Na Nyanda naye, akiyapata macho yale, neno linalofuata linachelewa. Nesi anafungua mdomo, sauti haijafika. Watu wanapiga kelele, "Wee Nyanda, mbona Nesi amekuwa bubu?"

Tulipokuwa sizoni ya tatu, siku moja mvua ilitufungia mle ndani, wenzetu wamekimbilia nyumbani. Mimi nikajifanya nimesinzia. Bibi akisinzia husikia vizuri zaidi.

"Mwalimu," Nyanda akasema, maana alizoea kumwita hivyo, "mtu wa ng'ombe akikuomba uwe mkewe, utakubali?"

Bertila akakivuta kitenge mabegani, akatazama mvua. Nilimsikia anacheka, kicheko kile cha mtu ambaye moyo umemruka.

"Misukule ikiisha nitakujibu."

Sasa nani alijua kwamba misukule haiishi!

Sizoni ya nne ikaja, ya tano, ya sita. Ya saba ilipoanza tu, ikachacha. Waliokufa zamani wakarudi wamenyoa ndevu. Miaka kumi hakuna sheli hata moja iliyo wazi, na magari yanatembea. Kipindi kizima watu wawili wanapita msituni, hakuna neno, hakuna msukule, majani matupu kama wamekwenda kutafuta kuni. Na misukule wenyewe wakajaa kama kumbikumbi, wala hawakutishi tena. Zenon, yule fundi baiskeli, alisimama benchi la nyuma akauliza, "Nyanda, hawa ndugu zako wamefuata nyama, au wamepanga foleni ya kitambulisho?" Watu wakacheka, wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Halafu, wiki mbili tu mbele, tamthilia ikapona. Picha zilikuwa bado za ovyo, lakini maneno! Fundi yuko ng'ambo ya mto, daraja limekatika. Mtu mmoja wa masharubu, ndugu yake, anavuka kwa shida kumpelekea Nesi salamu zake. Salamu zenyewe zilikuwa tamu kiasi kwamba mama mmoja alimwomba Nyanda azirudie amwandikie mumewe aliyeko Mpanda. Waliokimbia wakarudi. Mabenchi hayakutosha.

Katikati ya hayo Nyanda, ingawa jibu lake lilikuwa bado, hakukaa bure. Alimleta baba yake, Mzee Masunga, aonane na Christopha. Mwanangu alikuwa hataki. Ng'ombe wa bondeni waliwahi kupanda mpaka Mpui wakamlia mahindi yake, na tangu hapo akisikia Msukuma anatafuta fimbo. Mzee Masunga naye Kiswahili chake cha kuombea maji tu. Kwa hiyo wazee wawili wakaketi, na katikati yao akaketi Nyanda, akitafsiri. Nilikuwepo. Waliingia wamenuna, wakatoka wanapeana mikono kwa mikono miwili. Christopha alilala akisema, "Kumbe wale ni watu wa adabu."

Ikapangwa warudi Jumapili, sasa kwa posa yenyewe. Christopha akamwita binti yake.

"Nitakuuliza mbele yao mara moja. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema hapana, mlango huu hawaukanyagi tena, na wewe usinilaumu."

"Nimesikia, baba," Bertila akasema, na uso wake ulikuwa na jua.

Jumamosi, siku moja kabla, lile jua lilikuwa limezama. Alinishika mkono akanivuta kwenda kibandani saa tano, kipindi kinaanza saa nane. Mkono mwingine ameshika simu ya binamu yake Jenifer.

Nyanda alikuwa anafagia. Alipotuona aliacha ufagio, akachutama na kupiga makofi polepole, kama tunavyowaamkia wakubwa sisi Wafipa. Alijifunza kwa kutazama, hakufundishwa na mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Mwalimu. Leo mapema."

"Sijaja kutazama. Nina swali moja. Yule mwenye masharubu ni nani?"

"Yupi?"

"Nyanda, usinifanyie hivyo. Yule wa sizoni ya saba, ya nane, na hii ya tisa."

Nyanda akatazama waya za spika kama ndiyo kwanza anaziona. "Ni ndugu yake Fundi."

"Anafanya nini pale?"

"Anapeleka salamu."

"Fundi amekufa!"

Nikashika kiti. "Amekufa lini? Si wiki iliyopita tu alimpelekea Nesi viazi?"

"Hakuna viazi, bibi. Nimeitazama yote kwa Jenifer, kwa maneno yao wenyewe, siku tatu sikulala. Fundi aliangukiwa na ukuta kipindi cha pili cha sizoni ya saba, gizani, hata uso hawakumwonyesha. Nesi hakutoa chozi. Kipindi kinachofuata ana masharubu mdomoni."

"Mdomoni?"

"Pale ambapo huyu husema, 'Hapa napitisha haraka, bibi yupo.'"

Nilimtazama Nyanda. Kumbe heshima yote ile niliyokuwa najivunia kwa majirani! Lakini nitasema kweli, hasira haikunijia. Nilikuwa nawaza zile salamu za ng'ambo ya mto. Kama si za Fundi, zilikuwa za nani, na zilitumwa kwa nani?

"Mwigizaji aliondoka," Nyanda akasema taratibu. "Na walioandika wakachoka. Mimi huitazama kwanza peke yangu, ili nijue maneno. Asubuhi ile niliona wanamfukia Fundi kama takataka, mtu tuliyemngoja getini miaka yote. Nikawaza, mchana Mwalimu atakaa benchi la pili. Sikuweza. Nilifungua kinywa, likatoka jingine."

"Ukaendelea sizoni tatu."

"Neno la kwanza likitoka, linadai la pili."

"Na mimi nakaa pale nalia. Nalilia salamu za maiti." Sauti yake ilipasuka. "Unajua niliwasimulia mpaka walimu wenzangu? Nikawaambia, tamthilia hii imeharibika kila kitu ila mapenzi ya wale wawili. Walinishangaa. Sasa najua kwa nini."

Mlango ukasukumwa, kikaingia kichwa cha Zenon. "Mnaanza saa ngapi?"

"Hatuanzi!" wakajibu wote wawili.

"Haya, haya. Hata huko kwa wazima kuna vita," Zenon akasema, akatoweka.

Bertila akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Ya misukule ningekusamehe. Lakini jana usiku nilikumbuka kitu kingine. Siku ile nyumbani kwetu, baba yako anaongea Kisukuma, baba yangu hajui. Baba yangu anaongea, baba yako anaokota robo. Katikati uko wewe. Baba yako alisema nini, Nyanda?"

Upepo ulipita juu ya mabati. Nyanda akakaa kwenye kreti lake.

"Nataka maneno yake. Usiyapake asali."

"Alitazama shamba lenu," akasema mwishowe. "Yale matuta, ntumba, mnayofukia nyasi chini yake zioze ziwe mbolea. Akasema, 'Hawa ni watu gani, wanazika majani badala ya kulisha ng'ombe?' Mimi nikamwambia mzee wako, 'Baba anasema hajaona watu wanaoitunza ardhi kama nyinyi.'"

Nilitaka kucheka, nikajibana.

"Endelea."

"Akasema, 'Msichana mwenyewe mwembamba, ndoo ya maziwa itambeba yeye.' Nikasema, 'Baba anaona binti yenu amelelewa vizuri.'"

"Na baba yangu?"

"Mzee Christopha alisema, 'Mwambie ng'ombe wake wakipanda tena huku juu nitawakata miguu.'"

"Ukamwambiaje baba yako?"

"Nikamwambia, 'Mzee anauliza, ng'ombe wako hawajambo?'"

Hapo sikuweza tena, kicheko kilinitoka mpaka ushungi ukaanguka. Bertila akanitazama kwa ukali. "Bibi!"

"Nisamehe, mama. Endeleeni."

"Kwetu," Nyanda akasema, "mtu akikuulizia ng'ombe amekuulizia watoto. Baba alinyamaza. Hajawahi kuulizwa hivyo na mtu wa huku tangu tuhamie. Njiani tukishuka akaniambia, 'Yule ni ndugu. Mlete huyo binti, wembamba utaisha kwa maziwa.' Hayo ni yake, Bertila, sikuyagusa. Lakini aliyatoa kwa sababu ya neno ambalo baba yako hakulisema. Najua."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anamwita kwa jina.

"Kwa hiyo nimeposwa na masharubu," Bertila akasema.

"Bertila."

"Wazee wetu wamependana na watu wasiokuwepo. Na mimi je? Nitajuaje ukiniambia chakula kitamu kama ni kitamu? Ukiniambia hujambo kama hujambo? Nitaishi na mtu anayenipitishia haraka kila palipo pabaya?"

Nyanda alimtazama tu, na mimi mzee nilitamani kugeuza uso, maana kuna kutazamana ambako hata bibi hapaswi kukuona. Bertila naye alikuwa anamtazama, machozi yanamtiririka, mkono umeshika mlango na miguu haitoki. Hapa nikaona nikinyamaza, hao wawili watazikana wakiwa hai.

"Kaeni nyote wawili," nikasema. "Mimi ndiye niliyepitishiwa haraka miaka yote hii, nina haki ya kuuliza. Nyanda, unakumbuka mwisho wa sizoni ya sita?"

"Nakumbuka, bibi."

"Jua lilichomoza. Wakafunga geti, wakatandika meza ndefu, wakala pamoja. Hakuna msukule hata mmoja. Muziki ukapigwa, majina yakaanza kupanda. Sisi wote tukasimama, tukapiga makofi, tukajua imekwisha. Huyu mjukuu wangu hakupiga makofi. Alikugeukia wewe. Niliyaona macho yake, na wewe uliyaona. Alikuwa na jibu mdomoni."

Bertila akainamisha kichwa.

"Ukasemaje wewe kwenye kipaza sauti?"

"Nilisema, 'Kaeni, jamani, bado. Ziko sizoni nyingine tano.'"

"Watu wakaguna. Huyu akakaa. Na hizo zilizofuata zilikuwa uozo mtupu. Sasa nieleze, baba. Wewe uliyemfufua Fundi, uliyejenga mto na kukata daraja, ulishindwaje kusema neno moja, 'Mwisho'? Nani angejua? Kibanda kizima tungekwenda nyumbani tumefurahi, na wewe ungepata jibu lako siku ileile."

Nyanda akasugua viganja vyake. Na safari hii sikuona anatafuta maneno ya kupamba, nilimwona anayaogopa yale aliyonayo.

"Nililishika hilo neno, bibi. Lilikuwa hapa." Akagusa koo. "Nilikuwa nimengoja sizoni tatu, nimekonda. Lakini ya Fundi niliwatungia nyinyi, ili msiumie. Ile ya 'Mwisho' ingekuwa ya kwangu. Ningemwibia jibu. Angekuwa mke wangu, na kila akinitazama ningejua nilimdanganya ili nimpate." Akamgeukia Bertila. "Nikaona bora ningoje. Hata ikioza, hata zikiwa sizoni ishirini. Kila zilipozidi kuwa mbaya, nilizidi kuogopa hutarudi, nikazidi kutunga. Zile salamu za ng'ambo ya mto zilikuwa zangu. Hakuna njia nyingine niliyojua ya kuzituma. Na sizoni mbili zilizobaki nitazitafsiri zilivyo, mbovu hivyo hivyo, ukitaka kuja."

Nilimtazama mjukuu wangu. Mkono uliokuwa mlangoni ulishuka. Alipita benchi la kwanza, akapita la pili alilozoea kukaa, akafika kwenye kreti la soda. Nyanda akasimama. Alikuwa mrefu mno kwake, ikabidi ainue uso, na yale macho yasiyojua kuficha yakamwangalia kwa karibu, bila kioo, bila giza.

"Ulikonda kweli?" akauliza.

"Mwulize mama yangu. Ila umwulize kwa Kisukuma."

Kicheko kilimponyoka katikati ya machozi, akakificha kwa kiganja. Kisha akakitoa kiganja.

"Sitangoja misukule," akasema. "Hiyo haiishi, na hata ikiisha itaisha vibaya, mimi nimeshaiona. Ndiyo, Nyanda. Nimekubali, na kesho nitasema hivyohivyo mbele ya baba zetu. Lakini mkalimani hutakuwa wewe."